Mwongozo wa Kutambua Makombora Makubwa ya Mizinga katika Picha za Zamani
Kwa wakaazi wa Likoni, Kisauni na Changamwe

Iwapo nyumbani kwenu, upande wa bara ya Mombasa, imo picha ya zamani ambayo ndani yake wanaonekana watu wamesimama kando ya chombo kirefu cha chuma chenye ncha, na maelezo yake hayazidi maneno mawili matatu yaliyoandikwa kwa penseli, kama vile "bomu la Wadachi" au "Kilindini, wakati wa vita", basi mwongozo huu umeandikwa kwa ajili yako. Huhitaji kuwa askari wala mhandisi. Wahitaji rula, kioo cha kukuzia, wasaa wa kutosha, na nia ya kuandika lile unalolijua na kuliacha lile usilolijua.

Jambo moja ningependa ulishike tangu mwanzo, kwa kuwa hatua zote zinazofuata zimejengwa juu yake: picha haitaji jina la kombora. Picha hutoa dalili, na kila dalili huyapunguza majina yanayoyumkinika, hata yakabakia mawili au moja. Mwenye kuanza kwa jina, kisha akazitafuta dalili za kulithibitisha, aghalabu huzipata, maana jicho hulitii pendeleo la moyo. Ama mwenye kuanza kwa kipimo, akaenda kwenye umbo, akaishia kwenye tarehe na mahali, huyo ama atafika, ama atajua ni wapi alipokomea.

KWA NINI TUJISUMBUE

Sababu ya kwanza ni ya tarehe. Bandari ya Kilindini ilikuwa kituo cha manowari katika vita vyote viwili vikuu vya dunia. Tarehe 20 Septemba 1914 manowari ya Kidachi, Königsberg, iliishambulia na kuizamisha manowari ya Kiingereza, Pegasus, ikiwa imetia nanga Unguja, kisha ikaenda kujificha katika delta ya mto Rufiji, na humo ilikaa hata tarehe 11 Julai 1915, siku ambayo mizinga ya manowari za Kiingereza, Severn na Mersey, iliiangamiza. Wadachi waliivua mizinga yake kumi, wakaifanyia magurudumu, wakapigana nayo nchi kavu chini ya kamanda wao, Paul von Lettow-Vorbeck. Katika vita vya pili, baada ya Wajapani kuishambulia Colombo mwezi wa Aprili 1942, kundi la manowari za Kiingereza za Mashariki lilihamia Kilindini, na miongoni mwake zilikuwamo Warspite, Royal Sovereign, Resolution, Ramillies na Revenge, ambazo kila moja ilichukua mizinga minane ya inchi 15. Kwa hiyo kombora lililopigwa picha katika sehemu zetu laweza kuwa dogo la kubebwa na mtu mmoja mikononi, au kubwa lisiloinuka ila kwa winchi, na baina ya hayo mawili pana miaka karibu thelathini na vita viwili mbalimbali.

Sababu ya pili ni ya watu. Mpagazi, kuli wa bandarini na askari wa Keya (yaani King's African Rifles) hawakuandikwa sana vitabuni, na pengine picha hiyo ndiyo hati pekee waliyoiacha ya kazi yao. Ukilijua kombora, utaijua manowari au kikosi kilicholitumia. Ukivijua hivyo utaujua mwaka. Na ukiujua mwaka utaweza kusema kwa haki kwamba huyu aliyesimama kushoto ni babu wala si baba yake.

Sababu ya tatu ni ya usalama, nayo ni kubwa kuliko hizo mbili, maana kombora lililoonekana pichani huenda lingali lipo uani, ufuoni au katika rundo la vyuma chakavu.

┌─────────────────────────────
TAHADHARI: SOMA KABLA YA YOTE

Mwongozo huu ni wa picha, si wa makombora yenyewe. Ukikutana na kombora lenyewe, hata likiwa limeliwa na kutu kiasi cha kutotambulikana:

• Usiliguse, usiligeuze, usilikwangue kutu ili usome maandishi, wala usilimwagie maji au mafuta.
• Usilipeleke kwa wanunuzi wa vyuma chakavu, wala usimruhusu mtoto kulikaribia.
• Rudi kwa njia ileile uliyojia, weka alama mahali pa mbali panapoonekana, na uwazuie wengine wasipite.
• Mpashe habari chifu au kituo cha polisi kilicho karibu, au piga simu 999 au 112, na uwaachie wataalamu wa mabomu kazi yao.

Umri haulifanyi kombora kuwa salama. Baadhi ya makombora ya Waingereza ya mwanzo wa karne iliyopita yalitiwa baruti kali iitwayo lidaiti, ambayo ikikaa miaka mingi ikigusana na madini huweza kuzaa chumvi zinazolipuka kwa mtikisiko mdogo tu. Hata lile ambalo lilifyatuliwa likakosa kulipuka ni la kuogopwa, tena zaidi kuliko lile ambalo halikutoka ghalani.
└─────────────────────────────

VIFAA UTAKAVYOHITAJI

• Rula yenye milimita zinazosomeka vizuri.
• Kioo cha kukuzia. Simu yenye kamera nzuri yaweza kushika nafasi yake.
• Nakala ya picha, iliyochapwa kubwa kadiri iwezekanavyo bila ya kukatwa pembezoni.
• Penseli laini na daftari.
• Hesabu ya kugawanya na kuzidisha, wala hapana zaidi ya hiyo.

HATUA KWA HATUA

Hatua ya 1: Inakili picha kwanza, kisha uifanyie kazi nakala

Picha ya asili ishike kwa ncha za vidole na pembezoni tu, usiitoe kwa nguvu katika albamu iliyogandishwa kwa gundi, na usiandike neno usoni pake. Igeuze uangalie mgongo wake: muhuri wa mpiga picha, maandishi ya penseli, na alama ya kadi ya posta ni ushahidi, navyo vipigwe picha kama ulivyoupiga uso. Unapoinakili kwa simu, iweke picha juu ya meza iliyo sawa, karibu na dirisha lenye mwanga usiopiga moja kwa moja, na simu uishike juu yake bila ya kuilaza upande, kwani simu iliyoinama huupotosha upana, na upana ndio tutakaoupima.

Hatua ya 2: Hakikisha picha haikugeuzwa wala kuvutwa

Picha zilizochapwa kutoka mabamba ya kioo ziliweza kugeuzwa kwa kosa, kushoto kukawa kulia. Tafuta maandishi yoyote pichani, yawe ya behewa, ya kasha au ya kofia ya baharia, uone kama yanasomeka. Kisha tafuta kitu cha duara kilichoielekea kamera sawasawa, kama gurudumu au kitako cha kombora, ukipime kwa mapana na kwa marefu. Ikiwa vipimo havilingani, nakala yako imevutwa, na hapana hesabu itakayofaa mpaka upate nyingine.

Hatua ya 3: Hakikisha kwamba hilo ni kombora

Vitu vingi vinafanana na kombora katika picha iliyofifia. Kombora la mzinga lina kiwiliwili cha mwanzi kilichonyoka, pua iliyochongoka taratibu, kitako kilicho bapa au kilichopungua kidogo, na juu kidogo ya kitako mshipi wa shaba nyekundu unaolizunguka. Kazi ya mshipi huo ni kuingia katika mifuo iliyochongwa ndani ya mtutu, ili kombora litoke likizunguka na lisipinduke hewani. Ukiuona mshipi, umekwisha kuvuka nusu ya njia. Ikiwa badala yake unaona:

• mapezi nyuma, hilo ni bomu la kudondoshwa na ndege;
• rafadha kitakoni na urefu wa mita kadhaa, hilo ni topido;
• mdomo ulio wazi, ukuta mwembamba unaong'aa na ukingo uliotokeza chini, hilo ni ganda la shaba lililobakia baada ya kufyatua, ambalo watu wengi walilichukua likawa chombo cha maua au kengele;
• umbo la pipa lenye vichwa viwili bapa, huenda likawa bomu la kuwindia nyambizi, nalo picha yake ni ya vita na ni ya kuhifadhiwa, ila si kombora.

Hatua ya 4: Pima upana, usipime urefu

Sababu ni hii: kombora lililolala likiielekea kamera kwa mshazari huonekana fupi kuliko lilivyo, ilhali upana wake, kwa kuwa ni wa mviringo, haubadiliki ukilitazama kwa upande wowote. Basi:

1. Tafuta pichani kitu ambacho ukubwa wake unajulikana kwa yakini, kilicho umbali mmoja na kombora kutoka kwenye kamera.
2. Kipime kitu hicho kwa milimita katika nakala yako.
3. Upime upana wa kombora kwa milimita, katikati ya kiwiliwili, wala si kwenye mshipi uliotokeza.
4. Gawanya upana wa kombora pichani kwa ukubwa wa kitu pichani, kisha uzidishe kwa ukubwa halisi wa kitu hicho.
5. Rudia kipimo mara tatu, na uandike kidogo kabisa na kikubwa kabisa, wala usiandike cha katikati peke yake.

┌─────────────────────────────
VIPIMO VYA KUTEGEMEWA KATIKA PICHA ZA PWANI

• Reli ya zamani, iliyoanza kujengwa kutoka Mombasa mwaka 1896 na kupita Changamwe: milimita 1,000 baina ya chuma na chuma, upande wa ndani.
• Bunduki fupi ya Lee-Enfield waliyoichukua askari wa Kiingereza na wa Keya: sentimita 113 kutoka kitakoni hadi mdomoni, bila ya singe.
• Debe la mafuta ya taa: kiasi cha sentimita 24 kwa 24, na kimo cha sentimita 35.
• Pipa kubwa la mafuta: kimo cha sentimita 88 kwa kadiri, na mapana ya sentimita 58.
• Kimo cha mtu: kitumie mwisho kabisa, na kwa makadirio tu.
└─────────────────────────────

Hatua ya 5: Linganisha na orodha ya mizinga iliyofika huku

Usikimbilie orodha ya mizinga yote ya dunia, maana humo kila kipimo kitapata wenziwe kumi. Anza na manowari ambazo habari zake katika bahari yetu zinajulikana.

• Inchi 4, yaani milimita 102: Pegasus. Kombora la ratili 25, au kilo 11 na ushei.
• Sentimita 10.5, yaani milimita 105: Königsberg. Kombora la kilo 17 na ushei.
• Inchi 6, yaani milimita 152: Severn na Mersey, pamoja na manowari kadhaa za Kiingereza zilizoizingira Königsberg, kama Chatham. Kombora la ratili 100, au kilo 45.
• Inchi 12, yaani milimita 305: Goliath, iliyoipiga Dar es Salaam mwezi wa Novemba 1914. Kombora la ratili 850, au kilo 386 kwa kadiri.
• Inchi 15, yaani milimita 381: Warspite na wenziwe wanne wa mwaka 1942. Kombora la kilo 870 na zaidi.

Ndani ya orodha hii mna mtego. Baina ya kombora la Pegasus na la Königsberg upana umepitana kwa milimita tatu tu, na hapana picha ya familia itakayokuonyesha milimita tatu. Ikiwa kipimo chako kimeangukia hapo, usiandike "Königsberg" kwa kuwa ndiyo yenye sifa kubwa, andika "inchi 4 au sentimita 10.5", uende hatua ya sita na ya nane kutafuta la kupambanua.

Kabla ya kuondoka hapa, fanya jaribio la uzito. Kombora la inchi 6 mtu mmoja mwenye nguvu aweza kulikumbatia kifuani. La inchi 12 halibebeki ila kwa winchi au kigari. Kwa hiyo, ukimwona kijana amelishika mikononi kombora ambalo hesabu yako imesema ni la inchi 12, naye anacheka, ama hesabu imekosea, ama kitu kile ni cha mbao au ganda tupu.

Hatua ya 6: Lisome umbo

Umbo la kombora lilibadilika kwa kadiri mizinga ilivyobadilika, na kwa hiyo umbo ni kalenda, japo isiyotaja siku.

• Tufe la chuma la mviringo ni la zama za mizinga yenye mtutu laini, na utawala wake uliisha katikati ya karne ya kumi na tisa, ingawa mizinga yenyewe iliendelea kukaa ngomeni.
• Kombora refu lenye vifundo vya shaba vilivyopangwa safu ubavuni ni la miaka ya 1860 hadi 1880 na kitu, wakati mizinga yenye mifuo ilipokuwa ikijazwa mdomoni.
• Kombora lenye mshipi wa shaba unaozunguka ni la tangu miaka ya 1880 hata leo.
• Pua fupi, butu kidogo, ni dalili ya makombora ya mwanzo wa karne ya ishirini. Pua ndefu iliyochongoka ni dalili ya yale yaliyofuata, hususan baada ya vita vya kwanza.

Tazama na ncha. Kifaa cha shaba ya njano kilichotokeza puani, pengine kikiwa na pete yenye tarakimu, ni kiwashio, na pete yenye tarakimu maana yake ni kwamba kombora lilipangiwa muda wa kupasuka. Ncha kavu isiyo na kiwashio, juu ya kombora kubwa la manowari, yaelekea kuwa ya kombora la kutoboa chuma, ambalo kiwashio chake kimetiwa kitakoni. Urefu nao wafaa hapa kwa jumla tu: makombora mengi ni marefu baina ya mara tatu na mara nne na nusu ya upana wake. Ukipata mara saba au nane, yamkini unalitazama kombora likiwa bado limeshikana na ganda lake la shaba. Tafuta mahali pa maungio.

Hatua ya 7: Usidanganywe na rangi

Wengi hudhani kwamba cheusi pichani kilikuwa cheusi na cheupe kilikuwa cheupe. Sivyo. Mabamba na filamu za zamani, hata kufikia miaka ya 1930, aghalabu hayakuhisi rangi nyekundu, na manjano yaliihisi kwa udhaifu, ilhali buluu yaliiona kama nyeupe. Kombora la lidaiti, ambalo Waingereza walilipaka manjano, laweza kutoka pichani likiwa la giza sawa na lililopakwa rangi nyeusi.

Pwani yetu inayo njia nzuri ya kuijaribu filamu. Bendera ya Sultani wa Zanzibar, iliyopepea Ngome ya Yesu hadi mwezi wa Desemba 1963, ilikuwa nyekundu tupu. Ikiwa katika picha yako, au katika picha nyingine ya mkono uleule na siku zilezile, bendera hiyo imetoka nyeusi kama mkaa, jua kwamba filamu hiyo haikuhisi wekundu, na usiseme lolote juu ya rangi ya kombora. Ama tofauti ya kung'aa na kutong'aa hiyo ni ya kutegemewa zaidi: shaba iliyosuguliwa hurudisha mwanga kwa mstari mkali, na chuma kilichopakwa rangi huurudisha kwa ulaini.

Hatua ya 8: Itafute tarehe na mahali nyuma ya kombora

Sasa liache kombora, utazame kila kitu kisichokuwa kombora. Ardhi ya bara ya Mombasa ina alama zenye miaka inayojulikana, na kila alama ni mpaka wa wakati:

• Kisauni: daraja la kuelea la Nyali lilifunguliwa mwaka 1931, na la zege tunalolivuka leo mwaka 1980. Ukiliona la kuelea, picha imo baina ya miaka hiyo.
• Likoni: feri ilianza kuvusha watu mwaka 1937. Gati la feri likionekana, picha haiwezi kuwa ya vita vya kwanza, hata mgongoni pakiandikwa 1914.
• Changamwe: kiwanda cha kusafishia mafuta kilianza kazi mwaka 1963. Mabirika yake yakionekana nyuma, kombora lililo mbele ni la kumbukumbu, wala si la vita vilivyokuwa vikiendelea.

Kumbuka kwamba mwaka wa picha na mwaka wa kombora ni miaka miwili tofauti. Kombora la 1915 laweza kupigwa picha mwaka 1955 likiwa pambo la mlangoni. Andika yote mawili, kila moja mahali pake.

Hatua ya 9: Nenda ukalizoeze jicho

Ngome ya Yesu, iliyofanywa makumbusho mwaka 1960, inao mzinga wa Königsberg na mzinga wa Pegasus. Vuka kwa feri, au kwa daraja la Nyali, au kwa Makupa, uende ukasimame mbele ya mizinga hiyo miwili, uitazame midomo yake, maana upana wa mdomo ndio upana wa kombora. Ukiisha kuiona kwa macho yako milimita 105 ni kubwa kiasi gani karibu na mkono wa mtu, hutaiita tena "bomu la tani" katika picha.

Hatua ya 10: Waulize wazee, lakini uwaulize vizuri

Usimwendee mzee ukamwambia, "Shikamoo babu, hili si kombora la Königsberg?" kwa sababu adabu itamfanya akubaliane nawe. Mwamkie, mpe picha, umpe na nafasi, kisha umwulize: hapa ni wapi, huyu ni nani, alikuwa akifanya kazi gani, na picha hii ilitoka kwa nani. Majibu yaandike kwa maneno yake mwenyewe, na utie tarehe. Habari ya mtu, ya kazi na ya mahali mzee huikumbuka kuliko unavyodhani. Jina la kombora aghalabu alilisikia kwa mwingine.

MFANO WA HESABU

Tuseme picha yaonyesha kombora limesimamishwa kando ya reli bandarini, na kitako chake kimekaa usawa mmoja na mahali ulipopima reli. Pichani reli ina upana wa milimita 32, na kombora milimita 12. Kumi na mbili ukigawanya kwa 32, ukazidisha kwa 1,000, wapata 375. Lakini rula yako yaweza kukosea nusu milimita huku na huku. Kwa hiyo kipimo cha chini ni 354, na cha juu ni 397.

Ndani ya mpaka huo yaingia inchi 15, ambayo ni milimita 381, na yaingia pia inchi 14, ambayo ni milimita 356 na ambayo baadhi ya manowari za Kiingereza za vita vya pili zilikuwa nayo. Hapa kipimo kimefika mwisho wa uwezo wake. Sasa historia ndiyo iingie: katika zile manowari tano tulizozitaja za mwaka 1942, hapana hata moja yenye mizinga mikubwa ya inchi 14. Ikiwa mavazi, reli na mgongo wa picha vyote vyaelekea Kilindini ya 1942, hukumu iliyo bora ni "inchi 15, yaelekea". Neno "kwa hakika" liache mpaka upatikane muhuri, jina la manowari au tarehe iliyoandikwa siku hiyohiyo.

MAKOSA YANAYOTOKEA MARA KWA MARA

1. Kupima kwa kitu kilicho mbali. Mtu aliyesimama nyuma ya kombora huonekana mdogo, na kombora hutoka kubwa kuliko lilivyo. Wapiga picha walipenda kuliweka kombora mbele kwa sababu hiyohiyo.
2. Kuiamini reli isiyo yetu. Picha iliyoletwa na baharia kutoka Ulaya yaweza kuonyesha reli yenye upana wa milimita 1,435, na hesabu ikapotea kwa karibu theluthi.
3. Kuamini maandishi ya mgongoni bila ya kutazama wino wake. Maandishi ya kalamu ya mpira hayawezi kuwa ya 1915.
4. Kuliita kila kombora la Kidachi kuwa la Königsberg, na kusahau kwamba Wadachi walikuwa pia na mizinga midogo ya nchi kavu.
5. Kuikuza picha mpaka chembechembe zake zionekane, kisha kusoma herufi ambazo hazimo. Programu za simu zinazosafisha picha huongeza mistari ziliyoibuni zenyewe. Usizitumie kwa kusomea alama.
6. Kwenda kulitafuta kombora lenyewe mahali palipoonyeshwa na picha. Kosa hili ndilo pekee lisilosahihishika.

ORODHA YA KUKAGUA

Weka alama mbele ya kila ulilolitimiza:

☐ Uso na mgongo wa picha vimenakiliwa.
☐ Picha haikugeuzwa wala kuvutwa.
☐ Mshipi wa shaba umeonekana, au imeandikwa kwamba haukuonekana.
☐ Upana umepimwa mara tatu, na kipimo cha chini na cha juu vimeandikwa.
☐ Kitu cha kulinganishia kimetajwa, pamoja na umbali wake.
☐ Jaribio la uzito limefanywa.
☐ Umbo la pua, kitako na kiwashio limeelezwa.
☐ Rangi haikutumiwa kuwa hoja bila ya kuijaribu filamu.
☐ Alama za nyuma zimetafutiwa miaka yake.
☐ Wazee wameulizwa, na maneno yao yametiwa tarehe.
☐ Ikiwa kombora lenyewe lingalipo, wakuu wa usalama wamearifiwa.

NAMNA YA KUANDIKA MAELEZO

Maelezo mema yana sehemu nne, nazo zitenganishwe ili msomaji ajue ni ipi inayotoka kwenye picha na ipi inayotoka kwako: unachokiona, ulichokipima, ulichokisikia, na unachokihukumu pamoja na daraja ya yakini. Daraja ziwe tatu tu: hakika, yaelekea, na yawezekana. Tazama mfano:

┌─────────────────────────────
Kinachoonekana: Wanaume wanne wamesimama kando ya kombora moja lenye mshipi karibu na kitako, ncha haina kiwashio. Nyuma yao pana reli na ukuta wa ghala.
Kipimo: Upana milimita 354 hadi 397, kwa kulinganisha na reli ya milimita 1,000 iliyo karibu na kombora.
Masimulizi: Mwenye picha asema wa kwanza kulia ni babu yake, aliyekuwa akifanya kazi bandarini.
Hukumu: Kombora la inchi 15 la manowari ya Kiingereza (yaelekea). Kilindini (yaelekea). Mwaka 1942 (yawezekana).
└─────────────────────────────

Maelezo hayo yaandike kwenye karatasi ya pembeni, uiweke pamoja na picha katika bahasha moja, na nakala yake uipeleke makumbusho ya Ngome ya Yesu au Hifadhi ya Nyaraka za Taifa, Nairobi, ikiwa familia imeridhia. Tia jina lako na tarehe ya siku uliyoandika. Na neno "yaelekea" usilionee haya, kwa maana yule atakayekuja kesho na daftari la manowari au picha ya pili ataanzia pale ulipoliandika, na ataweza kulifuta akaweka "hakika" bila ya kwanza kuibomoa kazi yako yote.